Tecno, Infinix na itel si mahasimu: dhana potofu kuhusu soko la simu nchini Kenya

Ukishuka Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, utapita chini ya mabango ya buluu ya Tecno, mekundu ya itel na ya kijani ya Infinix, na mara nyingine duka moja huwa limebeba rangi zote tatu mlangoni. Nilikuwa hapo na shangazi yangu alipokuwa akitafuta simu ya kuchukua nafasi ya ile iliyopasuka kioo. Muuzaji wa kwanza alimsihi asiguse Tecno, achukue Infinix. Wa pili, hatua chache mbele, akamwambia kinyume chake kwa uhakika uleule. Shangazi akaniuliza ni kampuni ipi kati ya hizo mbili inayomshinda mwenzake, na swali hilo limejengwa juu ya dhana iliyoenea kuliko zote katika soko hili.

Tecno, Infinix na itel ni chapa za kampuni moja, Transsion Holdings, yenye makao yake Shenzhen nchini China. Ilianzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, ikaelekeza nguvu zake Afrika kuanzia 2008, na Septemba 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Shanghai. Vipokea sauti na chaja za oraimo vinatoka katika ukoo huohuo, na simu ya chapa yoyote kati ya hizo tatu ikiharibika ndani ya muda wa waranti hupelekwa kwenye vituo vya Carlcare, ambavyo navyo ni vya kampuni hiyo. Chapa hizo zimegawana wanunuzi. Itel humpokea anayetaka simu ya vitufe au simu janja ya bei ya chini kabisa. Tecno husimama katikati na kupanda juu kwa simu zake za Camon na Phantom. Infinix, iliyojijengea jina kwa kuuzwa mtandaoni, humlenga zaidi kijana anayetaka skrini kubwa na simu ya kuchezea michezo. Wauzaji wale wawili hawakuwa wakiigiza, kwa kuwa kila chapa ina watu wake wa mauzo, malengo yake na kamisheni yake, na kwenye kaunta wanashindana kwelikweli. Hata hivyo, shangazi angemsikiliza yeyote kati yao, faida ya mtengenezaji ingeingia katika mfuko mmoja.

Transsion haiko peke yake katika jambo hili. Redmi na Poco zote ni za Xiaomi, na Oppo, Vivo, OnePlus na realme zina asili yao katika kampuni moja, BBK Electronics. Mimi sioni hila katika mpangilio huo, kwa sababu kampuni inayonunua vioo, betri na chipu kwa ajili ya chapa tatu hupata bei nafuu zaidi kiwandani, na sehemu ya unafuu huo humfikia mnunuzi. Tatizo huanza pale mnunuzi anapodhani amezunguka soko zima kwa kulinganisha Tecno na Infinix, hali amelinganisha ndugu wa nyumba moja. Ulinganisho wenye maana ni ule unaoweka simu ya Transsion kando ya Samsung au Xiaomi ya bei ileile, na kando ya simu ya mtumba iliyotumika nje, ambayo mara nyingi ndiyo mshindani mkali kuliko chapa zote mpya.

Dhana nyingine, ambayo ina umri mkubwa zaidi, ni kwamba simu ya Mchina ni simu feki. Mizizi yake inaeleweka. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, kama mamlaka hiyo ilivyoitwa wakati huo, iliagiza mitandao izime simu bandia, na simu zilizozimwa zilikaribia milioni 1.9. Watu wengi walioamka na kukuta simu zao kimya walikuwa wamenunua vifaa vilivyotoka China, na jina likabaki. Lakini kilichowafanya wazimiwe ni nambari ya IMEI, ile ya tarakimu 15 inayotambulisha kila simu duniani. Simu bandia huwa na nambari ya kubuni au iliyonakiliwa kutoka simu nyingine, na nyingi kati yake hubandikwa majina makubwa kama Nokia na Samsung, kwa kuwa hakuna anayehangaika kughushi jina lisilojulikana. Simu ya bei nafuu yenye IMEI halali si feki hata kidogo, ingawa inaweza kuwa dhaifu. Nchi ya kiwanda nayo haisemi lolote kuhusu ubora: iPhone nyingi huunganishwa China, ilhali Samsung ilifunga kiwanda chake cha mwisho cha simu nchini humo mwaka 2019 na sasa hutengeneza simu nyingi Vietnam na India. Anayetaka kuhakikisha abonyeze *#06#, alinganishe nambari inayojitokeza na ile iliyo kwenye boksi, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 1555 kabla ya kutoa pesa.

Wapo pia wanaoamini kwamba simu ikiunganishwa hapa nyumbani lazima itashuka bei sana. Oktoba 2023 kiwanda cha East Africa Device Assembly Kenya kilifunguliwa Athi River, kaunti ya Machakos, kikiwa ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya TeleOne ya Shenzhen. Rais William Ruto alikuwa ameahidi simu janja ya dola 40. Zilipotoka, Neon Smarta iliuzwa shilingi 7,499 na Neon Ultra shilingi 8,999, bei nafuu kwa hakika, ila ziko juu ya ahadi. Sababu ni kwamba kuunganisha ni hatua ya mwisho tu. Chipu, kioo, kamera na betri bado vinaagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola, na shilingi ikidhoofika gharama hupanda hata kama mikono inayokaza skrubu ni ya Machakos. Ninaunga mkono kiwanda hicho kwa ajira na ujuzi kinaoleta, na kwa sababu hiyohiyo ningependa kisibebeshwe ahadi ambayo hakina uwezo wa kuitimiza.

Ushuru una nguvu kubwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2009 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu, na miaka iliyofuata simu zikaenea kwa kasi. Kodi hiyo ikarudishwa na sheria ya 2013. Sheria ya Fedha ya 2022 ikaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoingizwa nchini. Mnunuzi anapolalamika kwamba watengenezaji wamekubaliana kupandisha bei, inafaa kwanza aangalie ni kiasi gani cha bei hiyo hakifiki kwao.

Kuhusu simu za kulipia kidogo kidogo, dhana iliyopo ni kwamba hiyo ndiyo njia rahisi zaidi ya kupata simu. Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 ikishirikiana na Google, kampuni ya mikopo ya M-Kopa ikatoka katika taa za sola na kuingia kwenye simu, na mamia ya maelfu ya watu wakapata simu janja ya kwanza maishani mwao. Heshima hiyo wapewe. Rahisi kulipia, hata hivyo, haina maana ya rahisi kwa bei. Tuchukue hesabu ya mfano tu: simu inayouzwa shilingi 12,000 taslimu, ukiambiwa utoe shilingi 2,500 mwanzoni na shilingi 50 kila siku kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa shilingi 20,750. Anayeuza hatamki jumla hiyo, hutamka hamsini. Ukikosa kulipa, programu iliyofungwa ndani ya simu huizima, na kubadilisha laini hakusaidii. Hapo ushindani umehama kutoka ubora wa simu hadi ulaini wa mkopo, na mtengenezaji aliyepata mkopeshaji mzuri anaweza kumpita mwenye simu bora.

Narudi kwa shangazi, maana alikaribia kununua kwa sababu ya boksi. Lilikuwa limeandikwa 8GB kwa maandishi makubwa, na chini yake, kwa maandishi ambayo ilibidi avue miwani na kulisogeza boksi karibu na uso ndipo ayasome, 4GB+4GB. RAM halisi, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia kuendesha programu zilizofunguliwa, ilikuwa 4GB. Nne nyingine zinaazimwa kutoka kwenye hifadhi ya picha na faili, ambayo kasi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na RAM. Simu kama hiyo si sawa na yenye RAM ya 8GB, na ukifungua programu nyingi kwa pamoja utaona tofauti. Vivyo hivyo, megapikseli 50 katika kamera ndogo yenye lenzi duni zinaweza kushindwa na 12 zilizo nyuma ya lenzi nzuri. Jambo lisiloandikwa kwa maandishi makubwa ni muda ambao simu itapokea masasisho ya usalama, na hapo ndipo ningemtaka kila mnunuzi aulize. Simu nyingi za bei ya chini hupata toleo moja au mawili mapya ya Android, au hazipati kabisa; Samsung iliahidi Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri, matoleo sita na miaka sita ya masasisho ya usalama.

Imebaki imani kwamba anayeongoza soko leo hang'oki. Kuna wakati simu nchini Kenya ilikuwa Nokia. Nokia 1100 ya mwaka 2003, aina ya simu ambayo wengi waliiita mulika mwizi kwa tochi yake, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wakenya walikuwa wakibeba laini mbili au tatu kwa sababu kupigia mtandao mwingine kulikuwa ghali, hadi Zain, mtandao ambao sasa ni Airtel, iliposhusha bei hadi shilingi 3 kwa dakika Agosti 2010. Tecno ilikuja na simu ya laini mbili wakati Nokia ikiwa bado inasitasita. Mapema 2011 Safaricom na Huawei wakaleta simu janja ya IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, na kwa watu wengi hiyo ndiyo ikawa Android ya kwanza kuishika mkononi. Kufikia 2014 biashara ya simu za Nokia ilikuwa imeuzwa kwa Microsoft.