Kasparov hakushindwa na hesabu peke yake

Kwenye vijiwe vya drafti Mwanjelwa, jijini Mbeya, utasikia wakimzungumzia Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji (chesi): "Kompyuta ilimshinda Kasparov kwa sababu inapiga hesabu haraka, basi." Nusu yake ni kweli. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyocheza naye, ilipima mikao ya kete kama milioni 200 kwa sekunde. Lakini tazama mchezo wa pili wa pambano lao la michezo sita, New York, Mei 1997: Kasparov alikubali kushindwa katika mkao ambao wachambuzi baadaye walionyesha ungetoa sare! Aliamini mashine imeshaona kila kitu, hata akashuku kuna binadamu anayeisaidia. Baada ya hapo hakushinda tena: sare tatu, halafu mchezo wa sita ukaisha kwa hatua 19 tu. Huyo ndiye aliyeanza pambano kwa ushindi.

Mwaka 2006, mjini Bonn, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, hakuona kwamba Deep Fritz, programu ya sataranji, ingemfunga mfalme kwa hatua moja. Kosa la mwanafunzi. Kompyuta haichoki, haiogopi, haikumbuki kipigo cha jana.

Ila wanaosema bingwa akilala vizuri atashinda nao wamechelewa. Programu ya leo kwenye simu itampiga tu.