"Dunia imezoea": dhana inayonichosha kuhusu kutoweka kwa viumbe

Wiki iliyopita tulikuwa Kisauni, Mombasa, tukichimba kisima; mashine imefika mita 23 na bado inatema unga mweupe wa matumbawe. Mwenye kiwanja, mzee wa heshima zake, aliokota kipande chenye alama ya kombe, akakifuta kwa kidole gumba, akanigeukia: "Waona, mwanangu? Hapa palikuwa bahari. Dunia hubadilika yenyewe, imezoea; viumbe huja na kwenda zao. Haya ya tabianchi mwatutisha bure."

Nilimjibu kwa adabu, maana ni sawa na baba yangu. Lakini maneno hayo nayasikia kwenye viwanja ninavyopimia maji tangu Likoni hadi Mtwapa, na nimechoka kuyajibu nusunusu huku jenereta linanguruma.

Mzee alisema kweli mbili na akahitimisha vibaya. Ni kweli hali ya hewa imebadilika mara nyingi. Ni kweli viumbe wametoweka. Ila waulize wakazi wa mtaa wa makuti ulioteketea mara tano kama wanauona moto ni jambo la kulalia usingizi. Mara tano, ndiyo hesabu yenyewe ya viumbe kutoweka kwa wingi: miaka milioni 445 iliyopita, 372, 252, 201 na 66. Na ukizichunguza moja moja, hali ya hewa iliyobadilika ghafla imo katika kila mojawapo. Kwa hiyo anayeniambia "ilishabadilika zamani" ananiletea ushahidi wa upande wangu.

Chukua ile ya milioni 252, mwisho wa kipindi kiitwacho Permi, kubwa kuliko zote. Huhitaji kusafiri mbali kuikaribia. Toka kisiwani kwa barabara ya Nairobi. Changamwe na Miritini unapita juu ya miamba ya Jurasiki, kipindi cha dinosaria, yenye visukuku vya amonaiti, viumbe wa kale wa baharini wenye gamba la kuviringika. Unafika Mazeras, jina ambalo kila fundi anayetandaza mawe bapa uani analijua. Halafu Mariakani, halafu Maji ya Chumvi. Miamba ya Maji ya Chumvi ilijitandika tangu mwishoni mwa Permi hadi mwanzoni mwa Triasiki, kipindi kilichofuata. Yaani kadiri unavyopanda bara ndivyo unavyorudi nyuma, na magari ya mizigo hupita kila siku juu ya zama za msiba mkubwa kuliko yote uliowahi kuwapata viumbe.

Kilichotokea ni hiki. Huko Siberia volkeno zilimwaga lava juu ya eneo la mamilioni ya kilomita za mraba. Lava peke yake isingemaliza viumbe wa dunia nzima. Lakini uji wa mwamba ulipokuwa ukipanda ulipenya kwenye matabaka ya makaa ya mawe, chokaa na chumvi, ukayachoma. Hewa ukaa ikajaa angani. Bahari za tropiki zikapanda joto kwa karibu nyuzi 10. Maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Mvuvi yeyote aliyemwona samaki aliyenasa kidimbwini mchana wa kaskazi, maji yamekupwa, analijua hilo bila kusomeshwa. Juu ya hayo, hewa ukaa iliyoyeyuka baharini ikayafanya maji kuwa makali kwa viumbe wanaojenga magamba ya chokaa. Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zilipotea. Matumbawe ya zama zile yalikwisha yote, hata jamii moja haikubaki. Haya tunayoyaona Nyali ni ukoo mwingine, ulioonekana kwenye miamba karibu miaka milioni 240 iliyopita. Bahari ilikaa zaidi ya miaka milioni 10 bila matumbawe ya kujenga mwamba.

Sasa nije kwenye neno "imezoea". Vipimo vya miamba ya Meishan, huko China, vinaonyesha kuwa kuua kwenyewe kulichukua takriban miaka 60,000. Kwetu ni muda usiokadirika, kwa mjiolojia ni kufumba na kufumbua. Sisi tumeipandisha hewa ukaa ya angani kutoka sehemu 280 kwa milioni hadi zaidi ya 420, katika muda usiofika miaka 300. Jumla ya kaboni tuliyotoa bado ni ndogo sana ukiilinganisha na ya Siberia, na nalisema hili wazi kwa sababu ni kweli. Lakini kasi yetu ya kila mwaka inazidi wastani unaokadiriwa wa wakati ule. Kasi ndiyo inayoua. Matumbawe huhama bahari ikipanda polepole, mikoko husogea nchi kavu ikipata nafasi na muda, na spishi hubadilika vizazi kwa vizazi. Vyote hivyo vinataka muda, na muda ndio tunaowanyima.

Na lile jiwe la mzee? Miamba ya matumbawe ya pwani yetu, jamii moja na ule ulioibeba Fort Jesus tangu Wareno walipoijenga kati ya 1593 na 1596, sehemu yake kubwa ya juu ilikua karibu miaka 125,000 iliyopita. Dunia ilikuwa na joto karibu na hili la leo, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya hapa ilipo. Ndiyo, Kisauni ilikuwa chini ya maji. Wakati huo hapakuwa na mji wa Mombasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kwenye kaunti hii, na visima vyao vingi vimechimbwa ndani ya mwamba huohuo, maji matamu yakielea juu ya maji ya bahari. Bahari ikipanda, chumvi hupanda nayo. Ndiyo sababu humkatalia mteja anayetaka "tuongeze mita kumi tu".

Mengine niyapitie haraka.

Wanaosema volkeno hutoa hewa ukaa kutushinda: hapana. Kwa mwaka, volkeno zote pamoja hazifikii asilimia 1 ya tunachotoa kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe.

Wanaosema kila mara ni kimondo: ni mara moja tu ambapo ushahidi umekaa sawasawa, ile ya milioni 66. Mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter ambaye ni mjiolojia, na wenzao waligundua iridiamu nyingi, metali adimu duniani ila nyingi kwenye vimondo, katika tabaka la mwamba la wakati huo, wakachapisha mwaka 1980, na baadaye kasoko la kipenyo cha kilomita 180 hivi likatambuliwa Chicxulub, Meksiko. Hata hapo kimondo kiliua hasa kupitia hali ya hewa: vumbi na masizi viliziba jua, baridi ikaingia, mimea ikakosa mwanga. Ile ya kwanza, ya milioni 445, nayo ilianza kwa baridi, barafu ilipotanda bara la kale la kusini liitwalo Gondwana.

Wanaosema dinosaria walikwisha wote: tukio lile lilibakiza tawi moja, na ndege wote wametokana nalo. Kunguru anayekunyang'anya dagaa Kongowea ni mzao wao.

Kuna pia wale wa upande wa pili, wanaotangaza kwamba kutoweka kwa sita kumeshatimia. Hawa nao wananikera. Tukio kubwa huhesabiwa pale takriban robo tatu ya spishi zinapopotea, nasi hatujafika huko. Viumbe wanapotea kwa kasi iliyopita sana ile ya kawaida, ila wengi bado wapo, na anayekwambia yamekwisha anakupa ruhusa ya kukaa.

Na wale wanaonitajia silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, aliyenaswa karibu na Malindi mwaka 2001, kwamba kama yeye alipona basi wote watazoea: silikanti hukaa kwenye maji baridi ya kina kirefu. Huenda makao hayo ndiyo yaliyomponya. Matumbawe ya miamba yetu hayawezi kuhamia huko, yanataka jua.

Mzee wa Kisauni nilimwachia mifuko ya unga wa kisima chake, kila mfuko umeandikwa kina chake. Huwa nawasihi wateja wote waitunze, maana fundi ajaye ataihitaji kuliko risiti yangu. Juzi amenipigia. Hakuulizia maji. Aliuliza matumbawe yakishapauka huchukua muda gani kurejea. Nikamweleza kwamba joto la bahari likizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi 1 tu kwa wiki kadhaa, huanza kupauka; kwamba mwaka 1998 pwani yetu ilipoteza sehemu kubwa; kwamba yale yanayokua haraka hurejea kwa miaka kumi hivi, joto lisiporudi. Akauliza kama lilirudi. Nikamwambia, lilirudi 2016.