Je, wajua kwa nini askari mstaafu aliyebakwa huweza kuona afadhali alale garini kuliko bwenini?

Aliyewahi kushuka basi usiku wa manane katika stendi ya Nane Nane jijini Mbeya, mwezi wa Julai, anaijua baridi ambayo hata blanketi mbili huishinda kwa shida. Kwa mtu huyo ni vigumu kuelewa kwamba wapo wanawake waliolitumikia jeshi la Marekani ambao, wakikosa makazi, hukataa kitanda cha bure katika bweni la dharura na kwenda kulala garini.

Si ukaidi. Wizara ya Marekani inayohudumia askari wastaafu huwauliza wagonjwa wake kama walinyanyaswa au kushambuliwa kingono wakiwa jeshini, na takriban mwanamke 1 kati ya 3 hujibu ndiyo. Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi mtendaji si adui wa vitani bali ni mwenzake wa kikosi au mkubwa wake, ambaye kesho yake atakula naye bwalo moja na pengine kumpigia saluti.

Mwili uliojifunza kwamba hatari huja usiku, mahali pa kulala, kutoka kwa mtu wa kuaminiwa, hautulii kwa kuambiwa tu kwamba yamekwisha. Mwanamke huyo hushtuka mlango ukigongwa, huliota tukio upya, hukesha akisikiliza nyayo. Hali hii ya kiwewe iliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Kukesha huvuruga kazi, wengine hutafuta nafuu katika pombe, ajira hupotea na kodi ya nyumba hushindikana. Ndipo anapoelekezwa kwenye bweni lenye vitanda vya safu, wanaume asiowajua na mlango usiofungwa kwa ndani, yaani kambi ile ile. Gari, pamoja na baridi yake, lina loki.

Tiba ya mazungumzo ipo na huwasaidia wengi. Sheria ya mwaka 1992 ndiyo iliyoanza kuwapatia wanawake hao ushauri nasaha, na leo huduma hiyo ni bure hata kwa ambaye hakuwahi kuripoti. Lakini tiba hiyo mara nyingi humtaka alisimulie tukio lenyewe, na sioni mtu atakavyoyafukua hayo mchana ilhali hajui usiku atalala wapi. Kwa hiyo chumba chenye ufunguo ni sehemu ya matibabu, sawa na mshauri mwanamke akimtaka, kiti kinachoutazama mlango, na daktari anayeomba ruhusa kabla ya kumgusa.

Hapa Nyanda za Juu Kusini, mwanamke aliyebakwa huelekezwa kwenye dawati la jinsia la polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya kupeleka kwa daktari, kisha hospitali, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Hayo ni muhimu. Ila kabla hajaruhusiwa kuondoka, afisa ustawi wa jamii anapaswa kumuuliza atalala wapi usiku huo na nani mwingine ana ufunguo, maana nyumba anayorudishwa huenda ndiyo aliyoikimbia.