Ardhi haiozi, ila bei ya kipande hushuka

Wiki iliyopita, baada ya mkutano wa chama kimoja hapa Nairobi, mwalimu mstaafu aliniwekea mezani taarifa ya akaunti yake ya CDS, ile inayohifadhi hisa na vipande kwa njia ya kielektroniki, akaniuliza, "Mwanangu, jengo lipo, wapangaji wapo, pesa yangu imekwenda wapi?" Swali hili limenichosha, kwa kuwa kila mara chanzo chake ni maneno yaleyale ya wauzaji: ardhi haiozi, kwa hiyo kipande cha REIT, yaani sehemu ya mfuko wa pamoja wa kuwekeza kwenye majengo, hakishuki bei.

Mwenye kipande hana jengo mkononi. Kwa mujibu wa kanuni za REIT za mwaka 2013, mali hushikwa na mdhamini kwa niaba ya wenye vipande, meneja huziendesha, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huwasimamia wote wawili. REIT ya mapato ya pango hutakiwa kugawa angalau asilimia 80 ya mapato halisi baada ya kodi, na mikopo yake kwa kawaida isizidi asilimia 35 ya thamani ya mali zote. REIT za ujenzi zina masharti yake na si za mwekezaji mdogo, kwa hiyo naziacha.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayewaeleza watu kuwa kipande kina bei mbili. Ya kwanza ni ya vitabuni: majengo hukadiriwa, madeni hutolewa, kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya vipande. Ya pili ni ile ambayo mtu yuko tayari kulipa leo, na hakuna kanuni inayozilazimisha bei hizo zilingane. Huwezi kumwendea mdhamini ukamtaka auze ghorofa moja akulipe; ukitaka fedha yako, umtafute mnunuzi, na katika soko letu wanunuzi ni wachache. Mfuko wa Fahari, REIT ya mapato ya pango yenye jengo la maduka la Greenspan kule Donholm, uliingia Soko la Hisa la Nairobi mwezi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliletewa ofa ya kununuliwa vipande vyao kwa shilingi 11, na mwaka uliofuata mfuko ukaondolewa kwenye orodha ya soko kuu. Jengo halikuhama. Mamlaka husimamia utoaji wa taarifa na utenganisho wa mali. Kulinda bei si kazi yake, na wanaoilaumu kwa hilo wanawapotosha wenzao.

Hata hiyo bei ya vitabuni siiamini kikamilifu. Pango la shilingi milioni 80 kwa mwaka, likigawanywa kwa kiwango cha mapato ambacho mthamini hudhani mnunuzi angetaka kwa mwaka, tuseme asilimia 8, hutoa thamani ya jengo ya shilingi bilioni 1. Kwa asilimia 9, jengo lilelile ni takriban milioni 889. Majengo makubwa huuzwa kwa nadra, kwa hiyo mthamini ana mifano michache ya kulinganisha, na sijui kwa hakika ni nani angethubutu kuapa kwamba 8 ndiyo sahihi na 9 ni kosa.

Nilimchorea mwalimu hesabu hiyo nyuma ya taarifa yake. Aliitazama kwa muda, akaandika pembeni bei aliyonunulia, kisha akaniuliza gawio alilopokea miaka yote hiyo limefika kiasi gani. Hakuwa amewahi kulijumlisha. Tukaanza na mwaka wa kwanza.