Mwanga wa buluu hauchomi saratani

Mgonjwa akiambiwa atanyweshwa dawa ili uvimbe wa ubongo wake uwake wakati wa upasuaji, familia huanza kuelezana mengi ambayo daktari hakuyasema.

Dhana: mwanga wa buluu unaomulikwa kwenye uvimbe unaunguza saratani.

Hauunguzi. Dawa yenyewe, asidi ya aminolevuliniki, hunywewa kama saa tatu kabla ya usingizi wa upasuaji. Seli za glioma kali, yaani uvimbe wa ubongo unaokua haraka, huigeuza kuwa porifirini, kemikali inayong'aa ikimulikwa, ambayo hujirundika ndani yake. Daktari akiwasha taa ya buluu ya hadubini, uvimbe hung'aa kwa wekundu. Kuuondoa ni kazi ya mikono yake. Wala hii si mionzi ya eksirei. Ila ngozi na macho huathirika upesi na mwanga mkali, hivyo mgonjwa hukingwa na jua kwa siku mbili hivi baada ya dawa.

Dhana: kinachong'aa ndicho saratani, kisichong'aa ni salama.

Hii ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu inakaribia ukweli. Pembezoni mwa uvimbe, seli za saratani hutawanyika chache chache na huenda zisionekane. Damu kidogo ikifunika, mwanga wa buluu haupenyi. Glioma za daraja la chini, zile zinazokua polepole, mara nyingi haziwaki kabisa. Kwa upande mwingine, sehemu iliyowahi kupigwa mionzi ya tiba inaweza kung'aa bila kuwa na saratani hai. Na kipande kikiwaka kando ya eneo la ubongo linaloongoza usemi au mkono, daktari anaweza kukiacha makusudi. Ndugu wasiuite huo uzembe, anamlinda mgonjwa. Nyama iliyotolewa hupimwa maabara, na huko ndiko jibu hutoka.

Dhana: ukifanyiwa hivi umepona.

Jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2006 lilionyesha kwamba uvimbe uliokuwa ukionekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliotumia dawa hii, dhidi ya asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida. Baada ya miezi sita, ugonjwa ulikuwa haujasonga mbele kwa asilimia 41 dhidi ya 21. Ni faida kubwa. Lakini urefu wa maisha haukutofautiana kwa uhakika, na glioblastoma, glioma iliyo kali zaidi, bado huhitaji mionzi na dawa baada ya upasuaji.

Dhana: dawa moja huonyesha saratani zote.

Indosianini ya kijani, dawa nyingine ya kung'aa iliyoidhinishwa Marekani tangu 1959, huonyesha mtiririko wa damu na njia za limfu; haiitambui saratani yenyewe. Pafolasianini, inayong'arisha uvimbe wenyewe, iliidhinishwa huko 2021 kwa saratani ya ovari, kisha 2022 kwa mapafu. Pegulisianini ya matiti ilifuata 2024. Pafolasianini hunata kwenye vipokezi vya foleti, sehemu za seli zinazonasa vitamini hiyo, kwa hiyo mgonjwa husimamisha vidonge vya asidi ya foliki, ambayo ni aina ya foleti, saa 48 kabla. Vidonge hivyo wengi hawavihesabu kuwa dawa, nao husahau kumtajia daktari.