Mzee haamrishi, anauliza: pumzi na misuli nyuma ya usemi wetu

"Daktari, hii mikono yake kutetemeka nimeshaizoea," mama mmoja aliniambia kliniki, akiwa ameketi pembeni ya mumewe. "Kinachonichosha ni kwamba mzee siku hizi haulizi kitu. Anaamuru tu." Nikamwomba mzee amuulize mkewe kama amekula. Akasema, "Umekula," sauti imenyooka kama rula, ikafifia kabla ya silabi ya mwisho. Mama akanigeukia: "Umemsikia?"

Nilimsikia, na nilisikia swali. Kwenye maandishi tuna alama ya kuuliza, lakini mdomoni "umekula" ya taarifa na "umekula" ya swali hutofautishwa na kiimbo peke yake. Kiimbo hicho ni kazi ya misuli midogo ya koo inayozivuta nyuzi za sauti zikaze, huku pumzi ikizisukuma kutoka chini. Ugonjwa wa Parkinson alionao mzee, ule wa ubongo unaotetemesha mikono, hupunguza ukubwa wa kila mjongeo. Hatua zinakuwa fupi, mwandiko unakuwa mdogo, na sauti nayo inapungua na kukosa mawimbi. Mzee yule hakuwa na kiburi. Misuli yake haikufika ilikokusudiwa kufika.

Tuanze na pumzi, maana ndiyo mtaji wa usemi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila mara akivuta kama nusu lita ya hewa, na muda wa kutoa huuzidi kidogo ule wa kuvuta. Akianza kuzungumza, hesabu hubadilika kabisa: huvuta haraka, kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya muda wote, na tisa zilizobaki ni za kutoa. Maneno yote hupanda hewa hiyo inayotoka.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kuvuta hewa nyingi, kumbe kazi ngumu ni kuizuia. Mapafu yaliyojaa hutaka kunywea upesi kama puto. Yakiachiwa, neno la kwanza litatoka kwa kishindo na la tano halitasikika. Kwa hiyo misuli ya mbavu, ileile iliyotanua kifua, haiachii papo hapo. Hulegea kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani na kamba inapita viganjani. Hewa ikishapungua, misuli ya tumbo hupokea zamu na kusukuma. Hivyo nguvu iliyo chini ya nyuzi za sauti hubaki karibu ileile tangu mwanzo wa sentensi hadi mwisho.

Ukitaka kuijua nguvu hiyo, jaza glasi maji, zamisha mrija sentimita 5, kisha puliza mapovu taratibu kwa sekunde 5 bila kukatika. Anayeweza hivyo kwa kawaida ana msukumo wa kutosha kwa mazungumzo ya kila siku. Si mwingi, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mapafu mazima na bado asisikike mezani. Kilichopotea ni udhibiti.

Waliosoma madrasa watakumbuka waqfu, yaani vituo vya kusoma Kurani: mwalimu anakuonyesha pa kusimama ili maana isikatike, nawe unajifunza kupanga pumzi kabla hujafika hapo. Sote hufanya jambo hilo tukizungumza, bila kufundishwa. Mgonjwa ambaye pumzi yake haimtii husimama pasipostahili. "Sitaki uende" ni ombi la kubembeleza. Vuta pumzi katikati, "Sitaki. Uende," na umemfukuza mgeni.

Pumzi ikishafika kooni, kazi huhamia kwenye nyuzi za sauti, ulimi, taya, midomo na kaakaa laini. Kaakaa laini husahaulika sana. Ndilo pazia linalofunga njia ya puani tunapotamka b au d, na kuifungua kwa m na n. Likidhoofika, labda baada ya kiharusi, hewa huvuja puani na "baba" inasikika "mama". Tunaweka kioo kidogo chini ya pua na kumwomba mgonjwa aseme "baba, baba". Kikiingia ukungu, tumepata pa kuanzia.

Kasi nayo tunaipima. Mtu mzima mwenye afya hurudia "pa-pa-pa" mara 5 hadi 7 kwa sekunde, kwa mapigo sawa. Sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mijongeo ikiathirika, mapigo huyumba na maneno hutoka kwa mikokoteo. Wagonjwa hawa huitwa walevi barabarani, jambo linaloniudhi kuliko ninavyoweza kusema hapa. Hali hizi za misuli kukosa nguvu au uratibu tunaziita disathria. Apraksia ni tofauti: misuli ina nguvu, ila ubongo umepoteza mpango wa kuiendesha. Mtu huyo ukimsalimia "hujambo" anajibu "sijambo" safi kabisa. Mwambie sasa alirudie neno hilohilo, ulimi unatafuta njia na hauipati.

Haya mengi huja polepole. Usemi ukiharibika ghafla, hasa mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, hicho huenda ni kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na kumfaa mgonjwa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Mzee wetu tulimwanzishia mazoezi ya sauti kubwa, kwa njia iliyoanzia Marekani mwaka 1987 kwa ajili ya wagonjwa wa Parkinson: siku 4 kwa wiki, wiki 4. Kikwazo hakikuwa koo. Kila alipofikia sauti ya kawaida alilalamika kwamba tunamfanya apige kelele, mpaka tulipomrekodi kwa simu akajisikiliza. Tukamwongezea hila ndogo ya Kiswahili: kila swali alianze na "je", ili hata kiimbo kikimtupa neno limbebe.

Wiki ya tatu alivuta pumzi, akamgeukia mkewe: "Je, umekula?"

"Bado," akasema mama. "Nilikuwa nakusubiri."