Sabah al-khayr haijibiwi kwa sabah al-khayr

Kila kundi linalojiandaa kwenda Muscat au Dubai huja na imani ileile: salamu ya Kiarabu unairudisha kama ulivyopewa. Hapana, jamani! Salamu nyingi zina jibu lake maalumu, na jibu huzidi kidogo ulichopewa. Kurani yenyewe, sura ya 4 aya ya 86, inaagiza ukisalimiwa uitikie kwa iliyo bora zaidi, au urudishe iyo hiyo.

Kosa linakotoka napajua. Pwani kwetu ukiambiwa sabalkheri ukajibu sabalkheri, hakuna anayeshtuka. Kwa Waarabu, sabah al-khayr huitikiwa sabah an-nur: umetakiwa heri, unarudisha nuru. Jioni ni masa al-khayr, jibu masa an-nur. Wamisri wana na sabah al-full, ya maua. Tamu sana Cairo, ila usimpelekee mzee wa Nizwa, kule Oman. Ukiagwa kwa ma'a s-salama, sema Allah yisallimak. Tisbah ala khayr ya usiku: wa inta min ahlu. Kinyozi wa Beirut akimaliza kukunyoa atasema na'iman, na shukran peke yake haitoshi. Jibu ni Allah yin'im alayk. Wengi hukwama kwenye ya'tik al-afiya, anayoambiwa mtu aliye kazini. Jibu lake ni Allah yi'afik.

Na hiyo marhaba! Aliyelelewa kwa shikamoo huisikia kama jibu, akanyamaza. Mlebanoni ndiyo kwanza anaanza. Mwitikie marhabtayn, au ahlan.

Miisho ya maneno: kayf halak (u hali gani) ni kwa mwanamume, halik kwa mwanamke (Oman utasikia halish), halkum kwa watu wengi. Lafudhi mbovu husamehewa; kumwambia mama wa watu halak huwachekesha hadi watoto.

Anayeingia ndiye anayeanza, na wachache huwasalimu wengi. Ukiwa umekaa, simama, toa mkono wa kulia. Kwa mwanamke ngoja atangulize yeye. Asipoutoa, weka kiganja kifuani. Usimuulize mwanamume habari za mkewe. Sema kayf al-ahl, yaani watu wa nyumbani hawajambo, inatosha.

Jambo ambalo vitabu havisemi ni maulizo yakome lini. Oman hufuatana hali, habari, kisha ulum (mapya uliyo nayo), na jibu la kila swali ni al-hamdu lillah hata kama homa imekukaba. Ugonjwa utausema baadaye. Kanuni ya idadi hakuna, nami sifundishi yoyote. Mwache mkubwa afunge mwenyewe, ndipo utaje shida iliyokuleta.